Tetemeko la Taratibu

Yusmaniar alikuwa akikaanga sala, kitafunio cha samaki cha huko, mbele ya nyumba yao, kando ya barabara ya pwani huko Pariaman. Aliviringa unga wa mchele na samaki, akatumbukiza vitufe kwenye mafuta, na wateja wakavila vingali moto. Lakini leo macho yake hayakuwa kwenye karai. Alikuwa akimtazama jirani yake, Fitriyeni, aliyekuwa akipaka rangi ya buluu kwenye nguzo ya umeme.

"Fitri, unatuchorea nini hapo?"

"Mshale, dada Yus. Unaonyesha njia ya kwenda kilimani siku bahari ikipanda."

Fitriyeni alifanya kazi katika ofisi ya maafa.

"Sisi njia tunayo," alisema Yus. "Ardhi ikitikisika, mume wangu anawasha pikipiki. Anampitia mwanetu Hanifa shuleni, anarudi kunichukua mimi na mama, tunakimbilia mjini."

"Watu wanne kwenye pikipiki moja?"

"Siku ya harusi tulipanda sita!"

Fitri alicheka, kisha akaweka brashi chini. "Jirani zako nao wana pikipiki, dada. Barabara ni hii moja, daraja ni lile moja, na yote yako kando ya maji. Mtakwama pale."

Yus hakuweza kuliacha jambo nusunusu. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza. "Hebu kaa, ule sala. Niambie, bahari inafanywa nini hata ipande nchi kavu?"

Fitri alichukua ufito wa mwanzi. "Chini ya bahari, ng'ambo ya visiwa vya Mentawai, kuna miamba miwili mikubwa mno. Mmoja unajisukuma chini ya mwenzake, polepole kama ukucha unavyoota. Unakwama. Ule wa juu unapinda." Akaupinda ufito. "Unazidi kupinda, miaka na miaka. Halafu siku moja..."

Akauachia. Ufito ukafyatuka, ukarusha kitufe cha sala mchangani. Kuku akakidaka.

"Umenitia hasara!" alisema Yus, lakini macho yalikuwa yamemtoka kwa hamu. "Endelea."

"Sakafu ya bahari ikifyatuka hivyo, maji yote yaliyo juu yake yananyanyuka. Wimbi la upepo hucheza juu juu tu. Hili ni bahari nzima, toka chini. Kwenye kina kirefu linakwenda mbio kama ndege ya abiria, na mwenye mashua hata halitambui. Likifika maji ya kina kifupi linapunguza mwendo, ya nyuma yanasukuma ya mbele, ndipo linainuka."

Bibi Rosna, mama yake Yus, aliitikia toka ndani. "Bahari hukauka kwanza, bwana. Tukiona imekauka tutaondoka."

"Mara nyingine hukauka, bibi, mara nyingine haikauki. Usiingoje. Hata king'ora usikingoje, kinaweza kukataa kulia. Isikilize ardhi. Ikitikisika kwa nguvu, jikinge kwanza, ikitulia tu ondoka. Ikitikisika taratibu lakini haikomi, ondoka vilevile. Na mwende kwa miguu."

"Na mwanangu?" aliuliza Yus.

Fitri aliweka ufito chini. "Usimfuate, dada. Walimu wanajua njia yao ya kupandia. Ukishuka kumtafuta, yeye atakuwa juu na wewe utakuwa chini. Kila mtu apande kutokea alipo. Mkutane kileleni."

Maneno hayo hayakumwingia Yus. Mama gani anampa mtoto wake mgongo?

Jioni alimsimulia mumewe, Zulhendri. Yeye alikuwa mwangua nazi. Kima wake ndiye aliyepanda, naye alishika kamba chini.

"Mimi na kima tutapanda mnazi," alisema Zulhendri.

"Mnazi utang'oka nanyi mkiwa juu. Fitri kasema kila mtu kilimani."

Zulhendri alijikuna kichwa. "Na mama atapandaje na magoti yale?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Ijumaa baada ya swala ya msikitini walijaribu njia. Bibi Rosna alitembea hadi mwanzo wa mlima, akakaa kitako. "Nizikeni hapa hapa," alisema. Basi Zulhendri akaleta toroli yake ya nazi, wakatandika mkeka, wakamsukuma. Palipokuwa na mwinuko mkali waliisawazisha njia kwa jembe, wiki baada ya wiki. Mak Itam, muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara, aliwapigia kelele kila wakipita: "Mama Hanifa, leo nazi yako imevaa ushungi!"

Hanifa naye aliambiwa: "Ukifika juu, kaa na mwalimu wako. Mimi nitakuja." Akauliza, "Usipokuja?" Yus akamjibu, "Nitakuja." Lakini usingizi ulimpaa.

Mvua zikaja, zikapita. Mchana mmoja Yus aliona mafuta kwenye karai yanakwenda upande huu, yanarudi upande ule. Yalikwenda taratibu, kama mtoto anayebembelezwa. Taa iliyoning'inia dukani kwa Mak Itam ikayumba. Hakuna kikombe kilichoanguka.

"Yus, ni mimi ninayelewa au ni nyumba?" aliuliza Bibi Rosna.

Mak Itam alicheka. "Tetemeko gani hili? Halitoshi hata kukoroga kahawa!"

King'ora kilikuwa kimya. Bahari ilikuwa tulivu. Lakini mafuta yaliendelea kuyumba, yakaendelea, hata Yus akaacha kugeuza sala. Ni refu, aliwaza. Ni refu mno. Akazima moto.

"Mama, panda toroli."

"Nimevaa kanga ya nyumbani!"

"Panda, mama!"

Alisukuma huku akipiga kelele: "Kilimani! Ni refu hili! Kilimani!" Wengine walicheka, wengine wakabeba watoto wakafuata. Kwenye njia panda alisimama. Kushoto aliona bati la shule. Miguu yake ikageukia huko yenyewe.

"Yus," alisema mama yake kwa sauti ya chini, "hata mimi nilikuwa na mtoto shuleni, wewe; najua uchungu wake. Twende juu."

Akageuza toroli. Alipanda akilia.

Kileleni wanafunzi walikuwa wameketi mistari mistari. Yus alitupa macho huku na huku, asimwone. Kisha sauti ndogo ikaita, "Mama! Mimi sikulia!" Akamkumbatia hadi mtoto akalalamika.

Zulhendri alifika akihema, kima shingoni. Mak Itam alikuwa nyuma yake, miguu mitupu.

Bahari ikaja. Haikuja na povu refu. Ilivimba tu, ikavuka barabara, ikarudi.

"Ndiyo hiyo tu?" mtu mmoja alisema, akaanza kushuka.

Fitri alimzuia kwa mikono miwili. "La kwanza si lazima liwe kubwa! Hakuna kushuka mpaka tutangaziwe."

Wimbi lililofuata lilibeba vibanda, pikipiki na ukuta wa shule. Yule aliyetaka kushuka akarudi kuketi.

Walishuka kesho yake, baada ya kuruhusiwa. Meza ya sala haikuwepo, wala duka la Mak Itam. Lakini kila jina lililoitwa kijijini liliitikiwa. Na kila Ijumaa, ilipofika zamu ya kuitengeneza njia, Mak Itam alitangulia na jembe.

Bibi Rosna alimwita Fitri pembeni.

"Hivi mwamba ule wa chini sasa umelala, au umegeuka ubavu tu?"

"Hakuna ajuaye, bibi."

"Basi waambie wapanue njia. Toroli zipite mbili."