Vijiti Kumi vya Upande wa Dume

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alichukua rula ndefu ya mbao na daftari akaelekea malishoni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Hata ng'ombe aliwasimulia habari za shuleni. Baba yake alikuwa amechomeka vijiti ishirini vyekundu katika malisho, na kazi ya binti huyo wa miaka kumi na miwili ilikuwa kupima urefu wa nyasi penye kila kijiti.

Vipimo hivyo vilikwenda kwa shangazi yake, daktari wa mifugo, mwenye programu ya kompyuta iliyomshangaza kila aliyeiona. Uliiambia una ng'ombe wangapi, wana uzito gani na nyasi zimebaki kiasi gani. Yenyewe iliwalisha ng'ombe hao kwenye kioo, siku baada ya siku, na kwa dakika moja ikapitisha miezi sita ya kiangazi. Ulijua mapema nani atanenepa, nani atakonda na nani atakufa.

Tatizo lilikuwa dume mpya. Alifungiwa upande wa pili wa ua, penye vijiti kumi na nyasi walizowekewa ng'ombe kwa ajili ya kiangazi. Siku ya kwanza alikwaruza ardhi kwa kwato, akainamisha kichwa, na Chiriku akaruka ua akaacha kiatu kimoja nyuma. Tangu hapo alisimama nje, akatazama kwa mbali na kuandika: sentimita kumi na tano. Jumamosi nne mfululizo aliandika hivyo hivyo.

Jumamosi ya nne shangazi alikuja, akaweka kompyuta kwenye meza ya jikoni na kuingiza vipimo. Miezi ilipita kwenye kioo. Ng'ombe wote ishirini na wawili, kila mmoja akiwa na namba yake, walibaki hai.

"Basi tumepona," baba alisema, akatoa simu mfukoni. "Yule muuza nyasi kavu anataka jibu kabla ya saa sita. Nimwambie awape wengine."

Chiriku alilivuta daftari lake. Asubuhi ile alikuwa ameona mbavu za dume zikianza kuhesabika. Kama upande ule nyasi zilikuwa tele, mbona mwenyewe alikuwa anakonda?

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "hebu jaribu kama upande wa dume hakuna nyasi."

"Si uliandika kumi na tano?"

"Jaribu tu, shangazi."

Shangazi alibonyeza. Mwezi wa tatu namba ya ng'ombe mmoja iligeuka nyekundu, alama ya kifo, kisha za watatu, kisha za saba. Mwezi wa nne namba kumi na saba nayo ikawa nyekundu. Huyo alikuwa Kibibi, mtamba mwenye mimba ambaye Chiriku alimlea kwa chupa. Baba alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

"Baba, usimwambie hivyo." Alimwogopa dume, lakini sasa alimwogopa baba zaidi. "Vijiti vya upande ule sikuvipima. Nilikadiria kwa macho, wiki zote nne. Nilimwogopa dume."

Baba alikata simu. Kisha akachukua rula. "Twende."

Shangazi alimshughulisha dume kwa ndoo ya pumba huku baba na binti wakipita kijiti kwa kijiti. Kwa mbali mabua yalikuwa yamesimama. Kwa karibu, chini palikuwa peupe. Mchwa walikuwa wamemaliza nyasi. Mbili, sifuri, tatu, sifuri. Chiriku aliandika huku machozi yakidondokea daftari.

Saa sita kasorobo baba alimpigia muuza nyasi kavu, akamwambia alete mzigo wote. Shangazi aliingiza vipimo vipya pamoja na nyasi hizo, na wote watatu wakakodoa macho. Namba kumi na saba ilipita mwezi wa nne, ikapita wa tano, ikafika mvua za mwezi wa sita bila kubadilika rangi. Hakuna hata namba moja iliyogeuka nyekundu. Chiriku akalia upya, safari hii kwa nafuu.

"Kompyuta haijawahi kuona nyasi, mwanangu," shangazi alisema. "Inaamini unachoandika. Ukiidanganya haikasiriki wala haikuulizi mara ya pili, inatupeleka shimoni kwa adabu kabisa. Usipoweza kupima, andika 'sikupima'. Hilo nalo ni jibu la kweli."

Baba alimfuta machozi kwa kiganja kilichonuka udongo. "Jumamosi ijayo tutaingia wote," alisema. "Na siku nyingine ukiogopa, niambie. Mdomo wote huo unaongea na ng'ombe tu, baba yako humwoni?"