Voisi Yenye Tiki Moja

Hivi wewe, mama yako akikutumia voisi ya WhatsApp ya dakika nne, unamjibu "ok"? Rafiki yangu Nsajigwa ndivyo alivyokuwa akijibu. Graduate mzima, jobless kama mimi, anabeba mizigo hapa Tunduma, huku mama yake kule Ibaba akijua kijana yuko ofisini. Kwenye maandishi njaa haisikiki.

"Baba, mimi sisomi," mama alilalamika. "Nitumie sauti yako."

Jumapili moja mvua ilitia giza chumba, umeme ukakatika. Nsajigwa, peke yake mle ndani, akajirekodi: "Shikamoo mama. Nilikudanganya. Sina kazi." Akanyamaza kidogo, akatuma. Ikabaki tiki moja, maana mnara wa Ibaba ulikuwa umezima wiki nzima.

Akaisikiliza mwenyewe, ajue kama sauti ilitetemeka. Pale aliponyamaza, chini ya mvua ya kwenye bati, mtu alikohoa, akaitikia taratibu: "Marahaba, baba. Nilijua."

Sasa ninyi wenye mnara, mnaokula vocha zetu, uwasheni leo, please. Barabara ni tope, gari hazipandi Ibaba. Siku ya tano hii anapiga, mama hapatikani, na tiki bado ni moja.