Paa la Muhumba

Picha ilisahauliwa ndani ya mashine ya fotokopi, na aliyeikuta ni Mugisho.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mtaa wa Nyawera ulijaa watu, mvua imeanza kudondoka, na wamama wauza mboga walikuwa wanakimbiza mabeseni yao chini ya vibaraza. Mugisho alikuwa na meza yake kwenye kona ya duka la fotokopi, mahali alipochorea watu nyumba zao kwenye kompyuta. Alipoinua kifuniko cha mashine, akaona picha ya nyumba ya matofali yenye paa lililoteremka kila upande, migongo yake ikikatana kama vidole vilivyofumwa. Akatoka mbio.

"Maman! Maman wa kikwembe ya kijani!"

Aliyegeuka alikuwa binti mrefu, kikwembe cha kijani chenye maua ya njano kimemkaa sawasawa, kichwani ameweka mfuko wa plastiki ili mvua isimharibie misuko.

"Ni mimi unaita maman? Naonekana niko na watoto ngapi?"

"Pardon, mademoiselle. Umesahau picha yako."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kifua cha blauzi yake. "Aksanti sana. Hii njo picha moja tu iliyobakia. Umeona vile papa yangu alikuwa muzuri?"

Mugisho akababaika. "Kusema kweli, papa sikumuona. Niliona toiture, paa tu."

Binti akacheka, kwanza kidogo, kisha kwa sauti hadi watu wakageuka. Jina lake lilikuwa Emérence.

Wakajibanza chini ya kibaraza, na hapo akamweleza. Alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya kituo cha utafiti, Lwiro, na kila mwisho wa juma alishuka Bukavu kuangalia nyumba ya baba yake, mtaa wa Muhumba. Baba alifariki. Mama akahamia Kampala kwa mwanawe mkubwa. Mwezi wa tatu upepo ukang'oa paa lote, na tangu hapo mvua ilinyesha ndani ya vyumba.

"Mafundi wote wananiambia niweke paa ya pande mbili, rahisi. Lakini mama alisema kwa simu: siku ile nyumba itavaa paa yake ya zamani, nitarudi. Sasa natafuta mutu wa kuichora vile ilikuwa."

"Umemupata," Mugisho akasema, akashangaa kusikia sauti yake imejaa uhakika.

Mugisho alikuwa na miaka thelathini na mbili, na chumba kimoja Kadutu. Mwaka ule rafiki zake karibu wote walikuwa wameondoka mjini, mmoja mmoja, na jioni zake zilikuwa kimya. Alipika sahani moja, akaosha sahani moja. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, alipopanda Muhumba na mita yake ya kupimia, alikuwa amepiga shati pasi mara mbili.

Papa Cyprien, mlinzi wa nyumba, aliwafungulia. Emérence alishika ncha ya mita, Mugisho akavuta. Bawa moja la nyumba lilikuwa pana, la pili jembamba, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

"Programu inaweza kuweka paa yenyewe," alimweleza, "lakini bawa pana inapanda juu zaidi, ile nyembamba inabakia chini. Pale zinapokutana, inaacha tundu. Ama ukuta unatokea juu ya mabati."

"Kama mutu mwenye kofia ndogo."

"Sawasawa vile."

"Haya, Bwana Toiture. Tafutia papa yangu kofia yake."

Jumamosi zikawa nyingi. Siku za kazi Mugisho alimpigia simu kila siku saa sita mchana, Emérence akiwa amekaa nje ya maabara na koti lake jeupe.

"Umekula?" Mugisho aliuliza.

"Bado. Nilikuwa nangoja sauti yako."

"Sauti haishibishi, sheri."

"Yako inashibisha."

"Muongo weye! Kwenda kula."

Lakini paa lilikataa. Kila alipounganisha mabawa mawili, programu iliacha pengo, na siku zilipita. Mugisho aliogopa kwamba kazi ikichelewa, Emérence atachoka naye. Basi akafungua faili la zamani, nyumba aliyoichora miaka minne nyuma, yenye mabawa kama yale. Akanakili paa lake, akalinyoosha huku, akalipunguza kule, likakaa. Lilipendeza. Kule Muhumba, upande wa jikoni, juu ya ukuta, alikuwa ameyaona matundu ya boriti za zamani yaliyokuwa chini kuliko mengine. Akayaacha bila kuyapima.

Jumamosi iliyofuata, dukani, yeye na Emérence walimpigia mama simu ya video. Mugisho akazungusha nyumba polepole kwenye kompyuta. Uso wa mama, kitambaa cheusi kichwani, ulisogea karibu.

"Inapendeza," mama akasema. "Lakini haiko nyumba yangu. Kwa jikoni paa ilikuwa inashuka, inafunika baraza. Papa yako alikuwa anainama akipita. Hiyo iko nyumba ya nani?"

Simu ilipokatika, Emérence aliuliza swali lilelile. "Iko nyumba ya nani, Mugisho?"

Mugisho angeweza kudanganya. "Ya Micheline. Alikuwa fiancée wangu. Niliichora tukae ndani yake. Kisha akaenda Bujumbura, akaolewa kule."

"Na bado unaichunga."

"Nilifungua faili kwa sababu ya toiture tu, nakuapia."

"Mama yangu kule Kampala anangojea nyumba ya bwana yake, na weye unaivalisha nguo ya mwanamuke mwingine." Hakupaza sauti. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya wateja, akaingia katika umati wa Nyawera.

Mugisho alipiga simu siku tisa bila kupokelewa. Ya kumi akaacha. Saa sita ilipofika alikaa na simu mezani, akisikiliza mashine ya fotokopi ikitema karatasi za watu wengine.

Halafu akapanda Muhumba peke yake. "Mademoiselle hakuniambia utakuja," Papa Cyprien alisema, lakini akamletea ngazi. Mugisho aliingiza mkono katika kila tundu la boriti, akapima kimo chake kutoka chini. Akapima alama ya tope pale mabati ya zamani yalipogusa ukuta. Aliporudi, alilifuta faili la Micheline. Hakusikia uchungu aliokuwa ameuogopa. Aliona tu nafasi tupu kwenye kioo cha kompyuta. Akaachana na paa linalowekwa na programu yenyewe, akachora kila upande kwa mkono: ukingo wake, mwinamo wake, mstari ambapo unakutana na mwenzake. Upande wa jikoni akauteremsha hadi usawa wa yale matundu. Ilimchukua wiki mbili. Mstari wa mwisho ulipofunga pengo, aligeuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, na hakukuwa na mtu.

Asubuhi yake akapanda pikipiki hadi Lwiro, kompyuta imefungwa kifuani ndani ya koti la mvua.

Emérence alitoka maabara na koti lake jeupe. Alikuwa amekonda.

"Umefanya safari yote hii unionyeshe toiture?"

"Nimekuja kukuomba pardon. Niliona matundu, nikayaacha. Nilikuwa na haraka ya kukufurahisha."

Emérence alilitazama vumbi lililomjaa usoni. "Mi pia nilikuwa naishika simu kila saa sita," akasema. "Kiburi ilinikataza. Fungua."

Walikaa kwenye benchi, bega kwa bega, wakampigia mama. Nyumba ikazunguka. Ilipofika upande wa jikoni, mama akaweka mkono mdomoni.

"Njo hii," akasema. "Njo nyumba ya papa yako."

"Basi utarudi, mama. Fundi ataanza mwezi ujao."

Mama akashusha mkono. "Mutoto wangu, sitarudi. Nilisema vile juu nilizani haitawezekana. Pale nitakuwa namungojea kila jioni apite kwenye ile baraza. Sina nguvu ya hiyo. Weka paa, ukae weye."

Simu ilizimika. Emérence akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika.

"Vyumba vinne," alisema. "Nitakaa na nani ndani?"

Mugisho akamgeukia. "Na mimi. Emérence, unikubali nikuoe."

"Unaniuliza sasa, na mi niko nalia?"

"Ndiyo."

"Ngoja nimalize. Kisha uulize tena."

Akangoja. Wafanyakazi walipita wakienda kula, wakawasalimu, wakarudi. Emérence alilia bila kujificha, na Mugisho hakumwambia anyamaze. Alipojipangusa uso kwa mkono wa koti, Mugisho aliuliza tena, maneno yaleyale.

"Ndiyo," akasema Emérence. "Lakini mwaka wa kwanza, mvua ikinyesha, uniache nikae pale kwenye baraza peke yangu."

"Nitakuacha."

"Kidogo tu. Kisha ukuje."