Mama Nitarudi

Kiti kilikuwa na joto.

Mama mwenye gauni la bluu alikivuta karibu na kitanda cha seremala mgonjwa, akakaa, na lile joto likampanda kana kwamba aliyekuwa amekikalia ndiyo kwanza ameinuka. Akaangalia huku na huku. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado, na wodi nzima haikuwa na mgeni hata mmoja. Hewa ya hapo kitandani ilinuka jasho na sabuni ya kufulia. Ni harufu aliyoijua, ingawa hakutaka kukumbuka aliijulia wapi.

"Umerudi," seremala alisema.

"Ndiyo kwanza nafika, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini si ulikuwa hapa? Umenishika mkono, ukasema unatoka kidogo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Au mko mapacha?"

Akacheka naye. Homa humwonyesha mtu mengi. Akamwombea, akamnyooshea shuka, na alipoinuka akasema kama alivyozoea, "Haya baba, nitarudi."

"Sawa. Ila ukirudi, ipashe moto hiyo mikono. Ile ya mwanzo ilikuwa baridi kama chuma."

Hakurudi siku hiyo. Alipokuja kesho yake, godoro la seremala lilikuwa limekunjwa.

Alikuwa mwanafunzi wa ukasisi wa hospitali. Kanisa lake ndilo lililomtuma, baada ya kufiwa na mumewe, maana watu walimwona mtu mwenye huruma na wakasema huyu msiba umemwandaa. Asubuhi alisoma darasani, mchana alizunguka wodini kukaa na wagonjwa. Manesi walimpenda na walimtania. Walimwita Mama Nitarudi, kwa kuwa hakuna kitanda alichokiacha bila kusema neno hilo.

Kasisi mlezi, mzee aliyewafundisha, alikuwa amemkataza. "Kazi yetu ni kukaa," alimwambia. "Dawa wanazo wenzetu, sisi tuna kiti tu. Na mgonjwa usimwambie utarudi. Wewe una wodi nzima, yeye ana hilo neno tu. Wewe utalisahau, yeye atalilalia."

Alikubali kila mara. Lakini ukifika wakati wa kuinuka, ulimi ulimtangulia. Bila neno hilo miguu haikumtoa. Lilikuwa ndio ufunguo wake wa mlango, na alianza kuutumia zamani, kabla ya mafunzo, kando ya kitanda kingine.

Baada ya seremala, akaanza kusalimiwa na wagonjwa ambao hakuwahi kuwaona. "Umerudi," walimwambia, wengine kwa furaha, wengine wakivuta shuka hadi kidevuni. Kila alipokaa, kiti kilikuwa na joto. Na kila aliyemwambia hivyo, kitanda chake kilikuwa kitupu alipopita tena.

Siku moja sista wa zamu alimvuta hadi chumba cha kuwekea mashuka, akausukuma mlango kwa kisigino.

"Mama, nikuulize bila kuudhiana. Leo asubuhi ulipita wodini?"

"Nilikuwa darasani."

"Usinitanie."

"Sista, nilikuwa darasani. Muulize kasisi."

Sista alilishika lundo la mashuka kama mtu anayeshika ukuta. "Basi nimemsalimia nani? Gauni hilo hilo la bluu, kitambulisho hicho hicho kifuani. Nikamwambia, Mama Nitarudi, leo umetuwahi! Hakujibu. Amenipita tu, simu yake inalia, nami nikasema moyoni, huyu mama hajui kuwa wodini simu zinazimwa?" Akashusha sauti. "Ila haikulia kama simu. Ililia kama imefunikwa. Kama iko chini ya mto."

Mwanafunzi alikaa sakafuni, katikati ya mashuka.

"Hilo ni jini, mama," sista alinong'ona. "Nyumbani tuliambiwa, jini halina mahali pake. Hukaa palipoachwa wazi."

Alikwenda moja kwa moja kwa kasisi mlezi, na huko akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mumewe alipokuwa mahututi, alimwambia anakwenda nyumbani kuoga, atarudi sasa hivi. Akaoga. Akajilaza. Simu ikalia. Aliiona ni ya hospitali, akaisukuma chini ya mto. Hakuwa amelala. Alikuwa macho, ameuangalia ukuta, anausikia ule mlio ukilia ukakatika, ukalia tena. Alikuwa amechoka na ile harufu ya jasho na sabuni, amechoka na ule mkono usiotaka kumwachia. Mumewe alikufa akiangalia mlango. Nesi ndiye aliyesema hivyo, bila kujua anachomwambia.

"Nikawaambia watu simu iliisha chaji," alisema. "Hata mama yake. Tunaishi naye mpaka leo, macho yake hayaoni vizuri, ananiita mwanangu. Ananishukuru eti nilimuuguza mtoto wake."

Kasisi mlezi hakumhubiria. Alivuta kiti akakaa naye, kwa kuwa ndivyo alivyofundisha.

"Kufukuza majini sijafundishwa," akasema mwishowe. "Wapo wanaojua, na nitawaita. Mimi nimefundishwa kukaa. Na naona kitu hiki kinakaa pale unapoinuka. Basi usiinuke. Lakini kuna kiti kimoja umekikimbia kuliko vyote. Nenda nyumbani leo ukamwambie mama mkwe wako."

"Ataniona muuaji, baba."

"Atakuona mtu. Nenda."

"Nitamwambia. Kuna mgonjwa mmoja kwanza. Fundi cherehani wa dirishani. Leo ameniambia nimemwahidi kurudi mvua ikianza, na mimi sijamwahidi kitu."

Kasisi alimwangalia. Labda aliona kwamba mtu anaweza kujificha hata ndani ya wema. Lakini nje mawingu yalikuwa yameshuka, na hakumzuia.

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali. "Sista kasema utakaa hapa mpaka nikuchoke," alisema. "Nimeshakuchoka. Na hilo gauni nani alikushonea? Mabega yamekuangukia kama bendera isiyo na upepo."

"Ukipona utanishonea lingine."

"Nikipona. Haya, keti."

Alikaa, na safari hii kiti kilikuwa baridi, akamshukuru Mungu. Akaushika mkono wa fundi. Mvua ikaanza taratibu kwenye kioo, kisha ikakaza, na wodi ikawa na giza ingawa ilikuwa mchana.

Kwanza aliisikia simu, mbali, mwisho wa korido, mlio uliozibwa kama unaolia chini ya mto, ukakatika, ukalia tena karibu zaidi, na pamoja nao ikaja harufu ya jasho na sabuni, si kama harufu inayoletwa na upepo bali kama inayotoka ndani ya pua yake mwenyewe, na akaona macho ya fundi yakiuacha uso wake na kwenda juu ya bega lake, yakitanuka, yakimwangalia yeye, kisha yakiangalia nyuma yake, kisha yeye tena, kama mteja anayelinganisha nguo mbili zilizokatwa kwa kipimo kimoja, na hapo mkono wa baridi ukamgusa begani, kwa adabu kabisa, na sauti yake mwenyewe, ile laini anayoitumia wodini, ikasema sikioni:

"Nipishe."

Miguu yake ilitaka kuinuka. Ilizoea. Alikaza mkono wa fundi mpaka mifupa ikasikika.

"Hapana," alisema. "Hapa nipo."

"Nipishe. Nimeahidi."

"Mimi sikuahidi. Na sitoki."

Fundi alianza kusali kwa sauti ya kukwaruza, akiruka maneno, na yeye akamfuata kwa maneno yale yale yaliyorukwa, hakuna aliyesahihisha. Simu ililia na kulia. Kisha mlio ukaanza kurudi nyuma, ukaipita meza ya manesi, ukateremka ngazi, ukatoka nje kwenye mvua na kupotelea upande wa barabara.

Fundi akavuta pumzi. "Mama," alisema, "mkono wangu. Hicho ni kidole cha sindano, usinivunjie riziki."

Walicheka wakilia. Fundi alilala, na pumzi yake ilikwenda vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, mwanafunzi alihisi wepesi kifuani. Akaona amelipa. Akaona labda sasa hana haja ya kumwumiza mama wa watu kwa habari za zamani.

Sista alikuja kwa kunyata. "Limeenda?"

"Limeenda."

"Mungu mkubwa. Limeenda wapi?"

Akakikumbuka kile kiti alichokikimbia kuliko vyote. Alikuwa ameshasimama. Alimwacha fundi amelala, hakusema neno la kuaga, akateremka ngazi, akakimbia kwenye mvua bila mwavuli, akipita maduka yaliyofungwa na mitaro iliyofurika, mpaka mlangoni kwake.

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, uso umelowa machozi, lakini umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Mbele yake kulikuwa na kiti kimevutwa karibu, magoti kwa magoti.

"Umerudi, mwanangu," alisema.

"Mama, ndiyo kwanza nafika."

"Acha utani wako. Umeshanitoa machozi ya kutosha." Alinyoosha mkono, akagusa gauni. "Mbona umelowa? Mwanzo ulikuwa mkavu, na mvua ilikuwa hii hii."

"Mama, nani alikuwa hapa?"

"Ulikuwa wewe. Umeniambia yote. Simu ilikuwa inalia na wewe uko macho." Sauti ikamtetemeka. "Nimelia, sikufichi. Nilitaka kukufukuza. Kisha nikakuwekea mkono kichwani, nikakusamehe mbele za Mungu. Ukasema ahsante, mama. Ukasema unatoka kidogo, utarudi."

Mwanafunzi alikaa kwenye kile kiti. Kilikuwa cha moto, kama jiwe la jikoni. Akaikamata mikono ya mama mkwe yote miwili.

"Yule hakuwa mimi. Mimi sijasema bado. Mama, nisikilize, niambie mimi hayo maneno ya msamaha, nakuomba, niache nikuambie mimi mwenyewe, nilikuwa macho, niliiona simu, nikaisukuma..."

Chumbani, chini ya mto, simu ikaanza kulia. Yake ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Mama mkwe alikuwa akimpapasa vidole, polepole, kimoja kimoja. Uso wake ukabadilika.

"Yule alikuwa na mikono ya joto," alisema. "Yako ni baridi kama chuma. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama!"

Mlio ukakatika ghafla, kama simu iliyopokelewa. Nyayo zikatoka chumbani, kavu, taratibu, zikasimama nyuma ya kiti. Mama mkwe aliinua macho yake yasiyoona vizuri, akatabasamu, akaitoa mikono yake.

"Nipishe," ile sauti ikasema kwa upole.

Alifumbua kinywa aseme alivyosema wodini, kwamba hapa yupo, hatoki. Neno halikutoka.

"Humsikii?" mama mkwe alimwambia. "Mpishe mwanangu akae."