Kibuyu cha Saba

Kila asubuhi, kabla kengele ya saa mbili haijalia, darasa letu lote la sita lilikuwa limeinamia kompyuta. Makoti yetu meupe ya sare ya shule yalikuwa bado na mikunjo ya pasi, na tepe za bluu shingoni hazijalegea, lakini vidole vilikuwa vimeshaingia kazini. Tulikuwa tukisoma Ukuta wa Maoni. Huo ulikuwa ukurasa wa darasa ambako mwanafunzi yeyote aliruhusiwa kueleza alivyokiona kitabu, filamu au gemu, na kutoa nyota kuanzia sifuri mpaka tano.

Siku ya Ijumaa walinisubiri mimi, kwa sababu ukurasa wa Ijumaa ulifunguliwa kwa maoni yangu. Jina langu ni Brisa Olivera, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili na ulimi wa wembe. Nikisema gemu fulani ni mbovu, hakuna aliyeigusa tena katika mji mzima wa Durazno. Kwa kweli ni katika darasa letu tu, lakini kwangu darasa ndilo lilikuwa mji. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Mwezi wa tisa mwaka ule tulipewa kazi ya heshima. Watu watatu wa mji wetu walikuwa wametengeneza michezo ya kompyuta, na mmoja kati ya hiyo mitatu ungepelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Montevideo, mji mkuu wetu. Waamuzi tulikuwa sisi. Tulipewa wiki mbili za kucheza na kuandika maoni, na mchezo wenye nyota nyingi ndio ungeshinda. Wa kwanza ulikuwa wa mbio za pikipiki. Wa pili ulikuwa wa ngoma za kanivali. Wa tatu uliitwa Kituo cha Barabarani, na aliyeutengeneza ni Ximena Bértola, binti wa mwenye duka la tambi.

Nitawaeleza huo wa tatu ulivyokuwa. Unakaa kwenye benchi kando ya barabara kuu, unangoja basi. Linatakiwa kufika saa kumi, na saa kumi halifiki. Kuna mbwa amelala. Kuna nzi. Kuna bibi mmoja mwenye thamosi na kibuyu cha yerba, majani machungu tunayoyanywa kama chai kwa mrija. Kila baada ya dakika sita hivi anakijaza maji ya moto, anakunyooshea, na chini ya skrini vinatokea vitufe viwili: Pokea, na Nimetosheka. Hakuna adui wala pointi, na hakuna namna ya kuharakisha. Saa moja ya mchezo ni saa moja ya ukutani.

Kwetu kila mtoto anajua desturi ya yerba. Mmoja anamimina, kibuyu kinazunguka, na ukishasema umetosheka hakirudi tena kwako. Kwa sababu nilijua hivyo, nilibofya Nimetosheka kwenye kibuyu cha kwanza kabisa, nikidhani nimepata njia ya mkato. Bibi akafunga thamosi, akaibana kwapani, akatazama barabara. Hakunisemesha tena. Nilivumilia dakika kumi, nikafunga kompyuta na kwenda kupaka mkate wangu dulce de leche, maziwa ya sukari yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito.

Ijumaa niliandika hivi: "Kituo cha Barabarani ni dawa ya usingizi isiyohitaji cheti cha daktari. Nimeucheza mpaka mwisho ili nyinyi msiteseke. Ukimaliza hupati kitu. Nyota sifuri, na hiyo ni kwa huruma."

Darasa lilicheka mpaka Mwalimu Zulma akagonga meza kwa rula. Kufika mapumziko, Ukuta ulikuwa umejaa. "Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili, sasa nina mvi." "Mwenye akili humo ni mbwa, amelala." "Brisa kamaliza kila kitu, sina la kuongeza, sifuri." Bendera hufuata upepo, na siku ile mpuliza upepo nilikuwa mimi. Nilijiona mkubwa.

Maoni ya mtu mmoja tu ndiyo yalikuwa tofauti. Yaliandikwa na Anahí, msichana wa mashambani ambaye kila siku anakuja shule kwa basi. Yalikuwa mafupi: "Unachosha, lakini unachosha kwa makusudi. Kwenye kibuyu cha saba nililia. Nyota tano."

"Ulilia?" Facundo alipiga kelele. Facundo alikuwa rafiki yangu na domo la darasa. "Na mbwa akakubembeleza, eti?"

"Cheka tu," Anahí alisema. "Wewe hata hujaucheza."

"Mimi sijaucheza, ila Brisa kaucheza. Hebu Brisa, mwambie. Hicho kibuyu cha saba kina nini?"

Macho yote yakanigeukia. 

"Hakina kitu," nilisema. "Ni porojo za yule bibi tu. Anaongea, anaongea, mpaka unatamani upigwe na basi."

Wakacheka. Anahí hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akasema taratibu, "Haya, kama unasema ulifika." Akarudi kwenye kiti chake. Ningependelea anizomee.

Siku ya pili yake, Jumamosi, mama alinituma duka la tambi nikanunue raviole, vile vifuko vya tambi vilivyojazwa nyama, za chakula cha Jumapili. Ximena mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye kaunta, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alikuwa dada wa miaka ishirini na tano hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Wewe si ndiye Brisa wa darasa la sita?" aliuliza. "Nimeyasoma maoni yako."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini hakuwa na hasira. Alifuta mikono, akavuta kipande cha karatasi ya kufungia tambi, akachukua kalamu.

"Nashukuru ulimaliza, mdogo wangu. Watu wengi hawamalizi. Nyota sifuri ya mtu aliyemaliza naiheshimu." Akainama juu ya kaunta. "Sasa niambie ukweli. Kibuyu cha saba nimekifanyia kazi miezi minne, na nasikia uliwaambia wenzako hakina kitu. Shida yake ni nini? Ni kirefu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: dada, sikufika hapo. Badala yake nikasema, "Eee... ndiyo, kirefu. Kirefu sana."

"Nilihofia hivyo." Aliandika. "Basi nitakikata. Kesho kutwa nakuja shuleni kwenu na toleo jipya, kabla hamjafunga hesabu ya nyota. Asante, Brisa. Bora mtu akwambie usoni."

Akanipa raviole, na juu yake akaongeza kumi za bure.

Nyumbani sikuweza kula hata mkate. Mtu alikuwa anakwenda kukata kazi yake ya miezi minne kwa sababu ya kitu ambacho sikukiona. Niliogopa na niliona aibu. Mchana ule ule nikafungua kompyuta, nikakaa kwenye lile benchi, na bibi aliponinyooshea kibuyu cha kwanza nikabofya Pokea.

Kibuyu cha kwanza aliniambia jina la mbwa, ambalo ni Waziri, kwa kuwa hulala kazini ila mshahara anapokea: mfupa kila Jumapili. Nilicheka peke yangu. Cha pili alilalamikia mvua. Cha tatu hakusema kitu, na mimi nikapiga miayo na kuwatazama nzi. Cha nne aliniuliza naenda wapi, na nilipojibu akasema mji huo una upepo mbaya, nijifunike. Cha tano kilikuwa kimya tena, lakini safari hii niligundua kivuli cha nguzo kimesogea na kumfikia Waziri, na Waziri kahama bila kufumbua macho. Cha sita aliniambia yeye haendi popote. Anamngoja mwanawe. Kila Jumamosi anakuja kituoni, kwa sababu mwanawe alisema atakuja Jumamosi, ila hakusema ipi.

Kisha kikafika cha saba. Bibi aliinua thamosi na mkono wake ukaanza kutetemeka. Maji yakamwagika kwenye sketi. Alijaribu tena, yakamwagika tena. Hakusema neno hata moja. Alinitazama, akainyoosha ile thamosi kwangu, ili nimimine mimi.

Mtu wa kwetu hampi mgeni thamosi yake hivi hivi. Nilishika kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili. Nikamimina haraka, yerba ikaelea, na bibi akafoka, "Unamzamisha nani, mwanangu? Taratibu!" Nikamimina taratibu, pembeni ya mrija, kama anavyonifundisha mama. Akanywa mpaka mrija ukalia. Akatabasamu. Tangu hapo mpaka kibuyu cha kumi nilikuwa namhudumia, na machozi yalikuwa yananitoka kama mjinga.

Basi lilikuja maji yalipokwisha. Nikapanda. Kupitia kioo cha nyuma nikamwona bibi amesimama, ananyoosha shingo kutazama anayeshuka mlango wa mbele. Basi likaondoka kabla sijaona. Nilikasirika mpaka nikapiga mto ngumi.

Jumatatu Ximena alikuja darasani na flashi yenye toleo jipya mkononi. Mwalimu Zulma alimpa kiti karibu na ubao. Zilibaki saa mbili kabla nyota hazijahesabiwa.

"Nimewasikiliza," Ximena alianza. "Nimefupisha. Kile kibuyu cha saba nimekitoa."

Anahí alishika kichwa. Mimi nilisimama. 

"Usikitoe, dada Ximena. Nilidanganya. Niliposema nimemaliza, nilikuwa nimecheza dakika kumi tu, kibuyu kimoja. Kile cha saba nimekiona juzi, baada ya kutoka dukani kwenu. Ndicho kizuri kuliko vyote."

Darasa likalipuka kwa kelele.

"Kumbe!" Facundo aliruka. "Mwamuzi bandia! Na mimi nikaandika sifuri kwa sababu yako!"

"Nani alikutuma uandike usichokiona?" Mwalimu Zulma alimdaka. "Keti. Na wengine mnaopiga kelele, hebu tuone. Aliyecheza mpaka mwisho kabla ya leo, na asithubutu kunidanganya, ainue mkono."

Mkono wa Anahí ulipanda. Wangu nikauinua nusu. Katika wanafunzi ishirini na saba, hakukuwa na mwingine. Ximena alitazama ile mikono miwili, kisha akageuka kutazama dirishani. Sijawahi kujisikia vibaya kama dakika ile.

"Unalo lile toleo la zamani, binti?" Mwalimu aliuliza.

"Ninalo, Mwalimu."

"Liweke ukutani. Hesabu za sehemu zitatungoja, hazina basi la kuwahi."

Tuliucheza wote pamoja kwa projekta, mmoja baada ya mwingine kwenye kipanya. Dakika kumi za kwanza walipiga miayo na kurushiana vifutio. Waziri alipotajwa jina, walicheka. Kwenye kibuyu cha tano mtu alisema, "Angalieni kivuli!" na wote wakakitazama. Zamu ya Facundo iliangukia kibuyu cha saba. Alipoona mkono wa bibi unatetemeka, domo lake likafungika. Alimimina kwa haraka, akafokewa, akasema kwa sauti kabisa, "Samahani, bibi," na hakuna aliyemcheka. Kengele ya kutoka ililia kwenye kibuyu cha tisa. Hakuna aliyesimama.

Maoni tuliyaandika upya siku ile. Si wote walioupenda. Facundo alitoa nyota mbili: "Mgongo unaniuma na sijui nani kashuka. Ila bibi nimemwelewa." Mimi nilitoa nne. Mchezo wa ngoma ulipitwa kwa nyota tatu tu, na Kituo cha Barabarani kikaenda Montevideo na vibuyu vyake vyote kumi. Ximena aliomba maoni yetu yabandikwe kando ya kompyuta, na ya kwanza kubandikwa yalikuwa ya Facundo.

Kabla hatujatawanyika, Mwalimu Zulma aliniita mbele. Nilijua nakwenda kukemewa, na kweli aliniambia kwamba ukurasa wa Ijumaa, mpaka mwisho wa mwaka, utakuwa wa Anahí. Kisha akaligeukia darasa zima.

"Njia ya mwongo ni fupi, hilo mmeliona. Kuchukia kazi ya mtu si kosa. Facundo kaichukia nusu yake, na hakumkosea mtu, kwa kuwa alikaa akaiona. Kosa ni kusema umeona wakati hukuona, kwa sababu aliyefanya kazi atakuamini, na atakata kiungo kizima kwa neno lako. Brisa leo kasimama mbele yenu wote akalirudisha neno lake. Hilo ni gumu kuliko kuchekesha watu. Nataka mkumbuke na hilo pia."

Nilitoka nikiwa sina ukurasa. Mlangoni Anahí alikuwa ananingoja, mkoba begani, akaniuliza kama nitamsindikiza mpaka kituoni, kwani basi lake huchelewa. Nikamwambia sina haraka.