Aliyoyasema Marketta Saunani

Jumatano ile hakuna aliyewasha moto, lakini mawe ya sauna, kile kibanda chao cha kuogea mvuke, yalikuwa ya moto. Marketta aliyagusa akarudisha mkono upesi. Alijiambia anazeeka, akarudishia mlango, ambao haukuwa na kufuli wala komeo, akaenda zake.

Kesho yake, wakinywa supu ya njegere, mumewe Ilpo alimwambia habari za Päivi, mwanamke wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka mzima sasa. Marketta alisubiri hasira ije, haikuja. Alichoka tu, kama mtu aliyezoa theluji uani kutwa nzima. Akamuuliza Ilpo kama ameingiza kuni.

Na huyu Marketta ndiye aliyetamba Juni! Mle mle saunani, yeye na dada yake Sirkka, wakimcheka jirani aliyemsamehe mume. "Ilpo anijaribu aone," alisema. "Nitamfungia humu mpaka aive, halafu namfuata huyo mwanamke wake." Sirkka alimsihi anyamaze, humu mna mwenyewe, mzimu wa sauna, anasikia. Marketta alicheka. Hata ule upawa wa mwisho wa maji, ambao watu humwachia mwenye sauna, siku hiyo hakuumwaga juu ya mawe.

Jumamosi Ilpo akaenda kuoga kama kawaida. Saa tisa alasiri, giza la mapema la majira ya baridi ya kaskazini limeshatanda, Marketta akasikia mtu anagonga mbao. Alitoka na soksi tu miguuni, akavuka theluji, akauvuta ule mlango usio na komeo, nao haukusogea, na harufu ya nywele zinazoungua ikapenya nje, na ndani, katikati ya kilio cha Ilpo, sauti ilikuwa ikisema taratibu, na ilikuwa sauti yake mwenyewe: "Tulia, mume wangu. Bado hujaiva."

"Mwache," Marketta akanong'ona. "Yale nilisema tu."

"Uliniambia mimi."

"Sina hasira naye. Nimechoka. Mtoe, nikalale."



"Lala basi," sauti ikajibu. "Kilichobaki nitamalizia mimi."

Mlango ukafunguka. Ilpo akaangukia theluji, mwekundu mwili mzima, akilia na kuomba radhi. Marketta hakumsikiliza. Alikuwa akitazama nyayo za miguu mitupu zilizotoka mlangoni, theluji ikiyeyuka ndani yake, zikakata moja kwa moja juu ya ziwa lililoganda, kuelekea taa ya ng'ambo. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo, kama wa Marketta, uliokatwa kidole na shoka utotoni.

Hasira bado haikuja. Akachukua simu, akampa mumewe.

"Mpigie Päivi," akasema. "Mwambie nikigonga, asinifungulie."