Mvinyo wa Posa

Treni ya Tanga ilipoingia Same, wachuuzi na wanunuzi walivamia madirisha kwa pamoja. Kaanaeli alichomoka humo akiwa amekumbatia mananasi matatu, kilemba kimemlegea, gauni lake la maua mekundu limekunjwa kiunoni. Akamvaa karani wa tiketi. Nanasi moja likatua mguuni pa yule kijana.

"Dada, umenivunja!"

"Kiatu kigumu hivyo? Niokotee nanasi langu, bwana karani, kabla halijakanyagwa."

Gideoni aliinama, kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi ikakunjamana. Akalinusa nanasi. "Nikikurudishia napata nini?"

"Asante."

"Tupu?"

"Na chai, mgahawani kwa Mwamvita. Mpishi ni mimi."

Chai ile moja ikazaa chai za kila jioni. Masika yalipokwisha, Gideoni alitaka kuoa. Lakini baba yake Kaanaeli, huko juu Msangeni, alikuwa amekwisha kusema kwamba hapokei posa kavu. Anayemtaka binti yake aje na kinywaji kilichotengenezwa nyumbani kwake, si cha dukani. Na Gideoni alikuwa Msabato wa Suji. Kwao hata harufu ya pombe haikuvuka kizingiti.

"Basi nitakitengeneza chumbani kwako," alisema Kaanaeli. "Baba akikuuliza, hutasema uongo."

Katika chumba kile cha nyumba za reli alikatakata mananasi, akayaponda ndani ya mtungi, akatia sukari, maji yaliyochemshwa yakapoa, na hamira kidogo. Akafunika mdomo kwa kitambaa cha marekani.

"Usiuzibe, mpenzi. Unapumua."

"Kama wewe ukinuna," alitania Gideoni, na akapigwa na mwiko.

Mtungi ulichemka bila moto. Povu lilipotulia, Kaanaeli aliuchuja, na mvinyo ukatoka wa manjano, unanukia mpaka uani. Ilibaki kupanda mlima Jumapili.

Ijumaa akapita na vikombe vya kuonjea. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Mzee Eliezeri, karani mwenzake Gideoni na mzee wa kanisa lake.

"Pombe hii ya nani, Gideoni?"

Halafu sauti aliyoipenda ikasema, "Ya mwanamke mmoja wa mgahawani. Aliniomba nimtunzie tu. Hata simjui vizuri."

Mzee akatoka na mtungi, akaumwaga mbele ya miguu ya Kaanaeli. Gideoni ndiye aliyemshikia mlango.

"Mwanamke mmoja?" Kaanaeli alifoka. "Mwanamke mmoja, Gideoni?"

"Kaana, nisikilize..."

"Nimeshasikiliza! Mvinyo ungemwagika nisingelia. Umenimwaga mimi! Jioni zote hizo unaniita Kaana wangu, leo hunijui?"

"Niliogopa kutengwa na kanisa."

"Basi kaoe hilo kanisa!"

Alivirusha vikombe uani, na jioni ile ile akapanda treni kwenda Lembeni, kwa shangazi yake Ernesta. Jumapili ilipita. Kaanaeli aliuza maandazi pale stesheni, akiyakanda asubuhi kwa ngumi kama ana kesi nayo.

Siku moja Kassimu, karani wa Lembeni, akatoa kichwa dirishani. "Dada Kaanaeli! Simu yako, kutoka Same."

"Mwambie hata simjui vizuri."

"Mwambie mwenyewe. Simu ya reli hii, stesheni zote zinasikiliza."

Kaanaeli akaingia na unga mikononi, akaunyakua mkono wa simu. "Sema haraka, maandazi yanaungua."

"Kaana, mvinyo ule ulikuwa wa posa yangu." Sauti ilikwaruza, lakini haikuyumba. "Na mwanamke yule ni mchumba wangu. Nilimkana kwa woga. Mzee Eliezeri amekaa hapa mbele yangu, anasikia."

Kwenye waya mtu akakohoa. Kutoka Makanya mwingine akasema, "Lo!"

"Rudia," alisema Kaanaeli. "Hedaru hawajasikia."

"Tumesikia, dada!" ikajibu Hedaru.

"Sikusema na wewe! Gideoni, rudia!"

Akarudia, kwa kelele. Kaanaeli akajifuta macho kwa kiwiko. Machozi yenyewe yalimuudhi. "Sasa nanasi kamenye mwenyewe. Uponde, uchuje. Usinitumie mtu." Akakata.

Kanisa lilimsimamisha Gideoni ushirika. Wazazi wake wakakataa kuandamana naye. Gideoni akapanda Msangeni na mjomba mmoja tu, mtungi begani, mchana kweupe, akipita sokoni bila kuufunika.

Mjomba akamwachia aseme mwenyewe. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetengenezwa wapi?"

"Chumbani kwangu, kwa mikono yangu."

Baba akaonja, akafumba jicho moja. "Mchachu huu!"

"Ndiyo, baba. Ni wa kwanza."

Mzee akacheka kidogo, akamwita binti yake, aliyekuwa amepanda kutoka Lembeni kwa siku hiyo, akamkabidhi kikombe mbele ya ukoo. "Kinywaji ni chako kwanza. Tuunywe, au kijana ateremke nao?"

Kaanaeli alimtazama Gideoni: malengelenge begani, suruali imejaa vumbi jekundu, midomo imekauka. Akanywa. Uso ukamkunjamana. Akameza mpaka tone la mwisho.

"Bado nina hasira na wewe," alimwambia, akimnyooshea kikombe. "Ongeza."